Maana Halisi ya Herufi F katika Fomu ya Mafunzo ya Mitambo

Kamati ya Elimu ya Kijiji,
Tarafa ya Karatu.
Kumb. Na. KEK/82/7
3 Mei 1982

Mwenyekiti,
Kamati ya Uteuzi wa Vijana wa Mafunzo ya Mitambo,
Arusha.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO JUU YA USOMAJI MBAYA WA HERUFI

Mimi ni Wilibrodi Akonaay, Katibu wa Kamati iliyotajwa hapo juu, na barua hii naiandika kwa akili timamu na kwa mkono wangu mwenyewe. Kusudi lake ni moja: kulalamika, kwa heshima yote inayostahili cheo chako, kwamba ofisi yako imezisoma fomu zetu kwa lugha isiyo ya Taifa, na kwa kuzisoma hivyo imewapangia wavulana wawili bweni la wasichana na kumnyima nafasi msichana aliyestahili kuliko wote. Ninaomba kosa hilo lirekebishwe kabla ya tarehe 10 Mei, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kuripoti chuoni.

Mimi sikuvuka darasa la nne. Yaliyobaki nilijifundisha kwa kamusi na kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, wakati sukari ilipokuwapo. Silitaji hili kwa majivuno, bali upate kujua kwamba kila neno lililomo humu limepimwa kabla ya kuandikwa.

Mwezi Januari tulipokea waraka wenu. Ulieleza kwa uchungu kwamba Taifa lina upungufu wa wahandisi, mafundi sanifu na mafundi mchundo, na kwamba katika hao wachache waliopo, wasichana na watoto wa wafugaji hawaonekani. Kwa hiyo mmetenga nafasi maalumu. Kijiji chetu, kwa kuwa kimepakana na mashamba ya kahawa upande mmoja na njia ya mifugo iteremkayo kutoka Ngorongoro upande wa pili, kililetewa fomu tatu, pamoja na habari njema kwamba vitanda viwili vya bweni la wasichana vimewekwa akiba kwa ajili ya tarafa yetu.

Kamati ilikaa katika ghala la mahindi la kijiji. Wajumbe tulikuwa watatu: Ndugu Ngoyai, anayewasemea wafugaji, Mama Bernadina, anayewasemea akina mama na wakati mwingine watu wote, nami, ninayeandika. Tuliwapendekeza vijana watatu waliomaliza darasa la saba: Tobiko, mtoto wa Ndugu Ngoyai, Piusi, mtoto wa Yohani Lohay, mkulima, na Hyasinta, mtoto wa Rafaeli Ntandu, mtu wa Singida anayetunza mashine ya maji ya shamba la kahawa. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka tulipofika mstari wa nne wa fomu, ulioandikwa hivi: "Jinsi: M / F. Futa isiyohusika."

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Fomu nzima ilikuwa ya Kiswahili. Jina, umri, kijiji, dini, vyote Kiswahili. Tangu tulipoambiwa kwamba shughuli za Serikali zitaendeshwa kwa Kiswahili, mimi sina ruhusa ya kuichukua herufi moja iliyo katikati ya sentensi ya Kiswahili nikaisoma kwa lugha ya watu wengine. Kwa hiyo niliwafafanulia wajumbe kwamba M ni herufi ya kwanza ya Msichana, Mwali, Mke, Mama, Mkwe na Mjane, yaani hatua zote za maisha ya jinsi hiyo, bila kuruka hata moja.

Ndugu Ngoyai aliuliza: "Na Mvulana? Na Mume? Mimi mwenyewe si Mzee?" Nilimjibu kwamba kama herufi moja ingewachukua watu wote, ya pili isingewekwa, kwa kuwa Serikali haipotezi wino. Na kwa kuwa waraka wenu uliwataja wasichana kwanza, M ilikuwa ya kwao. Kilichobaki ni kuipatia F maana yake. Kisha Ndugu Ngoyai akasema, ninanukuu kutoka katika muhtasari: "Basi F ni fahali. Kuna nini kingine kinachoanza hivyo? Fisi?"

Mama Bernadina akasema: "Usimwondoe fisi upesi hivyo, Baba Tobiko. Wengine wao nawafahamu."

Tulikubaliana juu ya fahali: wavulana wakaandikwa F, na Hyasinta M. Ni mnyama mwenye heshima kwa mkulima na kwa mfugaji, na jinsi yake haina utata.

Sharti niongeze, kwa ajili ya ukamilifu wa kumbukumbu, kwamba Mama Bernadina alileta hoja pinzani. Alisema: "Mimi naona F ni Fundi na M ni Mzigo. Hapa fundi ni Hyasinta peke yake. Mwandikeni F, hawa wawili waandikeni M, tuondoke, nina maharage jikoni." Hoja hiyo ilikataliwa kwa kura mbili dhidi ya moja, kwa sababu mtu hawezi kuwa fundi kabla ya kwenda kufundishwa ufundi. Leo ninatambua kwamba kama ingepita, fomu zote tatu zingekuwa sahihi machoni pa ofisi yako. Lakini zingekuwa sahihi kwa sababu zisizo sahihi, na jambo la namna hiyo mimi siwezi kulitetea.

2. Inafaa umjue msichana mliyemnyima. Mzee Rafaeli, baba yake, ameingiwa na ukungu machoni mwaka wa tatu sasa. Mashine ikikohoa, yeye husikiliza na kutaja panapouma. Hyasinta ndiye hufungua. Masika yaliyopita washa, yaani pete ya ngozi iliyomo ndani ya pampu, ililika, na duka la vipuri likatuambia tusubiri meli. Hyasinta alikata washa mpya kutoka katika ngozi ya ngoma ya kanisa iliyopasuka, akailoweka kwenye mafuta ya nyonyo, akaifunga, na maji yakapanda mpaka leo. Katekista wetu anasema ngoma ile haijapata kufanya utume mkubwa zaidi.

Sasa Meneja wa shamba ametangaza kwamba Mzee Rafaeli akistaafu mwisho wa mwakani, mashine haitashikwa na mtu asiye na cheti. Nyumba wanayokaa inakwenda pamoja na mashine. Bila cheti, Hyasinta ataingia mstari wa wachuma kahawa, na baba yake ataanza kutafuta pa kulala katika nchi asiyoiona vizuri. Hilo ndilo lililomo ndani ya mstari wa nne wa fomu yenu.

Siku ya kutia sahihi Hyasinta alikuja moja kwa moja kutoka kwenye mashine. Aliisoma fomu yake, akaniambia: "Baba Katibu, hii M si ya wanaume? Kadi yangu ya zahanati imeandikwa F."

Nilimjibu kwamba zahanati ni idara nyingine, na kwamba yawezekana aliyeijaza kadi ile alikusudia figo.

Akasema: "Figo zangu ni nzima, Baba Katibu."

Nikamwambia atie sahihi. Aliitafuta sehemu safi ya ovaroli, akafuta grisi, akatia sahihi. Ninaliandika hili ingawa halinisaidii, kwa kuwa malalamiko yasiyo na ukweli ni kelele tu.

3. Mwezi Februari ofisa wenu alikuja Karatu kwa Landrova, akatandika turubai, akamwaga juu yake injini ndogo iliyofumuliwa. Vijana waliitwa kwa namba wala si kwa majina. Hyasinta alikuwa amevaa ovaroli ya baba yake, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kama shule zetu zinavyotaka kwa wote. Aliiunga injini kabla ofisa hajamaliza kuifungua chupa yake ya chai. Piusi naye aliiunga, akabakiwa na nati nne, akazitia mfukoni kwa adabu. Tobiko alikaa mbele ya vyuma vile bila kuvigusa. Alipoulizwa sababu, alisema: "Kitu hiki hakina macho. Nitajuaje kama kimenikubali?"

Majibu yenu yalifika tarehe 1 Aprili. Ninayanukuu neno kwa neno, kwa maana nisingeweza kuyatunga.

Juu ya Hyasinta, M: "Mvulana huyu ana mikono ya mhandisi. Kwa bahati mbaya nafasi za wavulana zimejaa. Ashauriwe kuomba kazi ya ulinzi."

Juu ya Piusi, F: "Kwa msichana, amejitahidi sana. Nati nne si nyingi."

Juu ya Tobiko, F: "Ni mpole, mtulivu na hana papara na vyombo. Anafaa kulelewa."

Ndugu Mwenyekiti, ninaomba uniruhusu swali moja ambalo kamusi yangu imeshindwa kulijibu. Kama nati nne zilizobaki si nyingi kwa msichana, je, ni ngapi zinazoruhusiwa kwa mvulana? Sisi huku tulidhani injini ndiyo yenye kusema.

4. Kila barua ya kukubaliwa iliambatana na orodha ya vitu vya kuleta chuoni: sketi mbili za bluu, gagulo moja la kuvaliwa ndani ya sketi, kitambaa cha kichwa na ndoo ya kuogea. Ndugu Ngoyai aliponitaka nimweleze gagulo ni nini, nilimweleza, naye akakaa chini. Yohani Lohay hakukaa. Alikwenda kwa fundi cherehani siku ile ile. Nilipomwonya, alinijibu: "Sketi ni nguo tu, cheti ni cheti. Hata Padre huvaa kanzu na hatujapata kumwita mama."

Hapa ofisi yako haina udhuru. Tobiko huenda ni jina geni kwa makarani wenu. Lakini Piusi? Mapapa kumi na wawili wamelichukua jina hilo, na hakuna hata mmoja aliyepangiwa bweni la wasichana.

5. Tarehe 26 Aprili niliwapeleka wavulana wote wawili chuoni ili kosa lionekane kwa macho. Nilikuwa ninaamini kwamba hoja yenye ndevu zinazoanza kuota haihitaji maelezo. Mama Mlezi wa bweni aliwatazama mara moja tu, akasimama mlangoni. Karani wa usajili alifungua faili, akasema: "Mbona hapa ni wasichana?"

Nikamwambia: "Hapo ni herufi. Hawa ndio watu."

Akaniambia: "Mzee wangu, taarifa imekwisha kupelekwa juu. Wasichana waliotarajiwa kutoka tarafa yenu, wawili. Waliopatikana, wawili. Asilimia mia. Tarafa nyingine zote zimepata sifuri, zinatuuliza ninyi mlifanyaje. Sasa unataka kuturudisha sifuri?"

Nilisema kwamba ninaye msichana wa kweli nyumbani, anayejua injini, na kwamba ninaweza kumleta kwa basi la kesho. Alipekua faili, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Huyo tumeshamkataa. Ni mvulana."

Mama Mlezi akamwambia: "Karani, kwenye faili hawaogi. Kwangu wanaoga. Hawapiti hapa."

Basi nikarudi nao kijijini, wavulana wawili, ndoo mbili. Nilimwachia Karani methali moja: wahenga walikataza fahali wawili kukaa zizi moja, wala hawakuongeza kwamba ruhusa ipo endapo zizi lenyewe ni bweni. Aliiandika pembeni mwa faili. Sijui kwa matumizi gani.

6. Kwa sababu hizo, na kwa kuwa kosa la kusoma haliwezi kuondolewa kwa kumlaumu aliyeandika, Kamati yetu inaomba hatua zifuatazo zichukuliwe.

Kwanza, itangazwe kwa waraka kwamba katika fomu zote za Jamhuri, herufi F ni Fahali na haina maana nyingine.

Pili, watu wote waliopata kuandikwa F tangu Uhuru, wakiwamo wauguzi, walimu wa kike na wake za maofisa, waitwe upya kwa uhakiki, kila mmoja aje na shahidi. Ninajua kwamba kazi hiyo ni kubwa. Lakini hatuwezi kujenga Taifa la wahandisi juu ya msingi wa mafahali ambao hawajahakikiwa.

Tatu, uhakiki huo ukiendelea, Hyasinta Rafaeli apewe barua ya kumtambua kuwa mvulana wa muda, mwenye kibali cha kulala bweni la wasichana kama mgeni asiyeondoka.

Nne, ikiwa kikwazo ni asilimia, kijiji chetu kipo tayari kulisaidia Taifa. Tunao wanaume mia mbili na kumi na saba. Kamati inaweza kuwaandikisha wote F kwa alasiri moja, na lengo la nchi nzima la wasichana katika mitambo litatimia na kupita, bila mtu yeyote kuondoka nyumbani, bila kitanda kimoja kuongezwa, na bila msichana yeyote kushika spana. Nimeupima mpango huu kwa uangalifu, na sioni unatofautiana wapi na mpango uliopo isipokuwa kwa unafuu wake.

Nafunga kwa kukusalimu wewe, makarani wako, Mama Mlezi aliyesimama mlangoni, na ofisa wa Landrova, ambaye aambiwe kwamba Piusi angali anazo nati zake nne na yupo tayari kuzirudisha. Ndugu Ngoyai anawasalimu. Mama Bernadina hakutuma salamu. Ametuma neno, nami nimeona lisiandikwe.

Wako katika ujenzi wa Taifa na katika matumizi sahihi ya herufi,

Wilibrodi Akonaay
Katibu

Nyongeza baada ya sahihi, Jumapili tarehe 9 Mei 1982:

Barua hii iliingizwa katika daftari la barua zitokazo siku ya Jumatatu, na utaratibu hauruhusu kuichana barua iliyokwisha kupewa namba. Kwa hiyo ninaituma kama ilivyo. Tafadhali msiitekeleze.

Siku ya Alhamisi Ndugu Ngoyai alifika nyumbani kwangu, hakuketi, akasema: "Kwetu mtu akiishiwa maziwa haandiki barua. Huazimwa ng'ombe wa kukamua. Mimi nimemwazima binti wa Rafaeli jina la Tobiko. Mwenyewe amekubali, amefurahi, amerudi kwa ng'ombe." Siku ya pili alimsindikiza Hyasinta hadi Arusha kwa basi, binti akiwa amevaa sketi ambazo Yohani Lohay alikwisha kumshonea Piusi. Zilihitaji kupunguzwa kiunoni tu.

Ninaarifiwa kwamba Karani alisoma: "Tobiko Ngoyai, F." Mama Mlezi alimtazama msichana, akalitazama faili, akasema: "Leo vimeelewana," akampisha mlangoni.

Matokeo yake ni kwamba orodha yenu, ambayo nimethibitisha katika vifungu sita kuwa ni batili, sasa ni sahihi, ukiacha mstari wa Piusi, aliyebaki nyumbani na nati zake. Ninaondoa malalamiko yote. Nimelazimika pia kwenda kwa Mama Bernadina kumweleza kwamba hoja yake ya mwezi Januari imepita. Alinijibu kwamba kwake yeye ilipita siku ile ile.

Mzee Rafaeli anaendelea kuitunza mashine kwa masikio. Nilipomsomea habari za safari, aliuliza jambo moja: "Huko watamwita nani akipatia?" Swali hilo ndilo linalonifanya niongeze mistari hii. Msichana atasoma mwaka mmoja na nusu kwa jina la Tobiko. Atafaulu, hilo silitilii shaka. Kisha atamletea Meneja wa shamba cheti, na Meneja anamfahamu kwa jina la Hyasinta, binti Rafaeli, wala hajui kusoma kitu kisichoandikwa.

Ninaomba uamuzi wenu wa maandishi: cheti kitaandikwa jina la nani?

W. A.